Uvimbe wa uti wa mgongo: aina zipi hutokea sana, zipi ni nadra

Dhana: Aina inayopasuliwa zaidi ndiyo inayowapata watu wengi zaidi.

Ukweli: Uvimbe unaoongoza ni saratani iliyosambaa kutoka kwingine, hasa matiti, mapafu, tezi dume na figo. Hukaa kwenye pingili, yaani mifupa ya uti wa mgongo, mara nyingi zile za kifuani. Lakini wengi wa wagonjwa hawa hutibiwa kwa mionzi na dawa, hivyo hawafiki kwenye meza ya upasuaji. Ndiyo maana daftari la wapasuaji wa neva hujaa shwanoma, inayoota kwenye ala ya mzizi wa neva, na meninjioma, inayotoka kwenye utando unaofunika ugwe (kamba ya neva inayopita ndani ya pingili) na kuwapata zaidi wanawake. Nyingi kati ya hizi mbili si saratani, na tiba yake kuu ni kuziondoa. Kwa hiyo ukioneshwa asilimia, uliza kwanza zimehesabiwa kwa wagonjwa gani.

Dhana: Uvimbe wa mgongo huwa ndani ya ugwe wenyewe.

Ukweli: Kwa watu wazima, ulio ndani ya ugwe ni kama asilimia 5 tu ya uvimbe wote wa mgongo. Kwao huongoza ependimoma, inayotokana na seli zinazotanda mfereji wa katikati ya ugwe. Kwa watoto, astrosaitoma, inayotokana na seli zinazotegemeza neva. Tofauti hii ni kubwa: ependimoma mara nyingi ina mpaka, mpasuaji huufuata akaitoa yote. Astrosaitoma hupenya kwenye ugwe, na kulazimisha kuimaliza yote kunaweza kumgharimu mgonjwa miguu na kibofu.

Dhana: MRI (picha ya sumaku) ikionesha hemanjioma, uvimbe wa mishipa ya damu usio saratani, kwenye pingili, lazima upasuliwe.

Ukweli: Takriban mtu mzima 1 kati ya 10 anayo. Isipobana neva, huachwa.

Dhana: Mgongo unauma na miguu inalegea? Ni TB.

Ukweli: TB ya mgongo ipo kwetu na lazima ifikiriwe. Kwa kawaida hula diski (mto laini kati ya pingili) pamoja na pingili mbili zinazopakana nayo, ilhali saratani iliyosambaa mara nyingi huiacha diski. Picha pekee haitoshi. Kipande kidogo cha nyama ya uvimbe kipimwe maabara. Kwa mtoto, Afrika Mashariki, ifikiriwe pia limfoma ya Burkitt, saratani ya seli za limfu inayokua haraka, ambayo hubana ugwe na kupooza miguu, lakini hutibiwa hasa kwa dawa za kemo.

Maumivu yanayozidi usiku ukilala, miguu kulegea au mkojo kuziba: nenda hospitali siku hiyohiyo. Anayeanza tiba akiwa bado anatembea ana nafasi kubwa zaidi ya kuendelea kutembea kuliko aliyekwisha kupooza.