Nani Mwenye Sifa za Kukaza Ngozi Bila Upasuaji?

Matangazo ya kukaza ngozi kwa mashine yameenea katika simu za wakazi wa Dar es Salaam, Arusha na Mwanza, yakiahidi kuondoa makunyanzi ya uso, kunyanyua mashavu yaliyolegea au kurudisha tumbo lilivyokuwa kabla ya uzazi. Kwa kuwa huduma hizi hazihusishi kisu wala nyuzi, wateja wengi huziweka kundi moja na kusafisha uso au kupaka rangi kucha, na hivyo hawaoni sababu ya kumuuliza mtoa huduma amesomea wapi. Dhana hiyo si sahihi, na sababu yake iko katika namna mashine zenyewe zinavyofanya kazi.

Ngozi hukazwa na nyuzi za protini iitwayo kolajeni, zilizo katika tabaka la kati la ngozi. Nyuzi hizo hunywea zinapopata joto la takriban nyuzi 60 hadi 70 za Selsiasi, kisha mwili hulichukulia tukio hilo kuwa jeraha na kuanza kujenga kolajeni mpya, kazi inayochukua miezi 3 hadi 6. Anayeahidi matokeo kamili siku hiyo hiyo kwa kawaida anaonyesha uvimbe tu. Mashine za mawimbi ya redio hupasha joto tabaka hilo huku uso wa ngozi ukilindwa usiungue, ilhali mashine za mawimbi ya sauti, ambazo saluni nyingi huziita HIFU, hukusanya nguvu katika nukta ndogo zilizo kina cha milimita 1.5, 3 au 4.5 chini ya ngozi. Kwa uso wa binadamu, milimita 4.5 ni mbali sana: hapo pana utando unaoshikilia misuli ya uso, na karibu yake hupita matawi ya neva zinazoinua nyusi na kuteremsha pembe za mdomo. Mtu asiyejua matawi hayo yanapita wapi anaweza kumwacha mteja na mdomo uliopinda kwa wiki au miezi, na joto likiyeyusha mafuta ya mashavuni, shimo linalobaki huenda lisijae tena.

Hata hivyo, kuishika mashine vizuri ni nusu tu ya ujuzi unaotakiwa, na kwa maoni yangu ni nusu iliyo rahisi. Sifa kuu ya mtaalamu ni uwezo wa kumwambia mteja kwamba hapaswi kutibiwa. Mawimbi ya redio hayafai kwa mwenye kifaa cha kuratibu mapigo ya moyo, mjamzito husubiri, mwenye maambukizi ya ngozi hutibiwa maambukizi kwanza, na mwenye historia ya keloidi, yaani makovu yanayovimba na kukua, huhitaji tahadhari ya pekee, hasa pale mashine inapotumia vijisindano vinavyochoma ngozi. Huku kwetu lipo pia suala la mkorogo. Krimu za kujichubua zenye steroidi hupunguza unene wa ngozi na kuchelewesha kupona kwake, na wanaozitumia aghalabu hawasemi mpaka waulizwe kwa upole na faraghani. Mtoa huduma asiyejua kuzitambua dalili zake, kama vile vishipa vyekundu vilivyojitokeza mashavuni, ataiwekea ngozi hiyo nguvu ileile anayoiwekea ngozi yenye afya.

Rangi ya ngozi nayo ina uzito wake. Baadhi ya miali ya leza na ya mwanga mkali hufyonzwa na melanini, yaani kemikali inayoipa ngozi rangi yake, kwa hiyo kipimo kilichopangwa kwa ngozi nyeupe kinaweza kuibabua ngozi nyeusi. Mawimbi ya redio na ya sauti hayategemei melanini, jambo linaloyafanya yatufae zaidi, lakini ngozi yetu ikishaungua kwa sababu yoyote ile huacha weusi unaodumu kwa miezi mingi.

Kutokana na hayo, msimamizi wa tiba hii anapaswa kuwa daktari bingwa wa ngozi au daktari bingwa wa upasuaji rekebishi. Daktari wa namna hiyo amesoma shahada ya udaktari kwa miaka 5, akapitia mwaka 1 wa utarajali, kisha akasomea ubingwa kwa miaka kadhaa. Kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo katika hospitali ya KCMC mjini Moshi, kilichoanza mwaka 1992, kimetoa mabingwa kwa nchi nyingi za Afrika, pamoja na matabibu na wauguzi waliopata stashahada ya juu ya magonjwa ya ngozi kwa miaka 2. Lakini lazima tuseme kweli kwa upande wetu sisi madaktari pia: mafunzo yetu yamejengwa juu ya magonjwa, na ubingwa peke yake haumfundishi mtu kuendesha mashine ya urembo. Bingwa naye anatakiwa kupata mafunzo ya kifaa anachokitumia. Muuguzi aliyefunzwa anaweza kufanya kazi hiyo vizuri, mradi daktari amempima mteja kwanza na yupo karibu wakati wa tiba. Mtaalamu wa urembo ana eneo lake halali, yaani usafi wa ngozi, ukandaji na vipodozi, na wengi wao wanalimudu kuliko sisi madaktari. Joto linalofika chini ya ngozi liko nje ya eneo hilo.

Cheti kilichotundikwa ukutani mara nyingi ndicho kinachowapotosha watu. Muuzaji wa mashine hutoa mafunzo ya siku moja au mbili, kisha hutoa cheti chenye muhuri. Cheti hicho kinathibitisha kwamba mwenye nacho ameonyeshwa vitufe. Si leseni ya kutibu. Leseni ya daktari hutolewa na Baraza la Madaktari Tanganyika, linaloongozwa na sheria ya mwaka 2017, na ya muuguzi hutolewa na Baraza la Uuguzi na Ukunga. Kuhusu kifaa chenyewe, msajili wa vifaa tiba ni Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), ilhali vipodozi vilihamishiwa Shirika la Viwango (TBS) mwaka 2019, kwa hiyo kibali cha krimu zinazouzwa dukani hakithibitishi chochote kuhusu mashine iliyo chumba cha pili. Suala hili linazisumbua hata nchi zenye mifumo mikongwe: sheria ya afya ya mwaka 2022 nchini Uingereza ilimpa waziri mamlaka ya kuanzisha leseni za huduma za urembo zisizo za upasuaji kwa England, na mwaka 2025 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitahadharisha kuhusu mashine za vijisindano vinavyotoa mawimbi ya redio, baada ya kupokea taarifa za kuungua, makovu, kupotea kwa mafuta na kuumia kwa neva.

Kabla ya kulipa, omba jina kamili la daktari anayesimamia na namba yake ya usajili, kisha uthibitishe kwa Baraza la Madaktari. Uliza pia ni nani atakayekuona endapo ngozi itapata malengelenge usiku. Jihadhari na anayetaka kukupaka ganzi nyingi ili usisikie kitu, kwa kuwa maumivu makali wakati wa tiba ni ishara ya kupunguza nguvu ya mashine, na ganzi yenyewe ikipakwa eneo kubwa inaweza kuingia katika damu kwa kiwango cha hatari. Baada ya tiba, chukua nakala ya kumbukumbu inayoonyesha aina ya mashine, nguvu iliyotumika na sehemu zilizotibiwa. Ukiungua, poza sehemu hiyo kwa maji safi ya bomba kwa dakika 20 bila kupaka dawa ya meno wala mafuta, nenda hospitali siku hiyo hiyo, na umpe daktari nakala hiyo, kwani bila kujua kina kilichofikiwa na joto itambidi abahatishe ukubwa wa jeraha.