Kufungua nchi: wakazi wa Nairobi walitaka nini hasa?

Ukiwauliza wanafunzi wa afya ya umma kwa nini masharti ya corona yalilegezwa, jibu la kwanza huwa lilelile: watu walichoka, wakashinikiza nchi ifunguliwe. Jibu hilo lina ukweli kidogo na uvivu mwingi. Ukifuatilia sharti moja moja, mtaa kwa mtaa, utakuta mkazi aliyetaka kafyu iondolewe kesho yake ndiye huyohuyo aliyetaka shule zibaki zimefungwa hadi mwaka uishe. Aliyelalamikia nauli ndiye aliyemfokea abiria asiye na barakoa. Kila nyumba ilikuwa na hesabu yake, na kila sharti lilipimwa kwa mizani yake. Sisi tunaotafiti mienendo ya jamii wakati wa mlipuko tuna kazi ya kuisoma hesabu hiyo kabla serikali haijafunga au kufungua chochote, na mara nyingi tumeifanya vibaya.

Tukumbushane masharti yenyewe. Mgonjwa wa kwanza nchini alitangazwa 13 Machi 2020, na siku mbili baadaye shule zikaamriwa kufungwa. Kafyu ilianza 27 Machi, kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Tarehe 6 Aprili Nairobi na viunga vyake vikafungwa: huingii, hutoki. Mwezi mmoja baadaye mtaa wa Eastleigh ukafungiwa peke yake, ukaachiliwa mapema Juni. Kulegeza nako kulikuja vipande vipande. Juni kafyu ikasogezwa, ikawa saa tatu usiku hadi saa kumi alfajiri. Tarehe 7 Julai barabara za kuingia na kutoka jijini zikafunguliwa. Mwishoni mwa Septemba kafyu ikaanza saa tano usiku na baa zikarudi kazini. Novemba masharti yakakazwa tena, na 26 Machi 2021 Nairobi ikafungwa mara ya pili, safari hii pamoja na Kiambu, Machakos, Kajiado na Nakuru, hadi mwanzo wa Mei. Kafyu haikufutwa mpaka Sikukuu ya Mashujaa, 20 Oktoba 2021. Mtoto aliyezaliwa siku ilipoanza alikuwa tayari anakimbia.

Sasa mchukue mama mboga wa Kangemi. Mzigo wake anautoa Marikiti, na Marikiti ni soko la alfajiri: anayechelewa anapata sukuma iliyochaguliwa na nyanya zilizobaki chini ya kreti. Kafyu ya kwanza haikumruhusu kutoka nje kabla ya saa kumi na moja. Atafute matatu, afike mjini, anunue, apange mzigo, arudi. Akifungua kibanda, wateja wa asubuhi wameshapita. Kafyu iliposogezwa Juni, mazungumzo kwenye runinga yalikuwa juu ya zile saa mbili za jioni: nani atakula wapi, nani atafika nyumbani saa ngapi. Kwa mama huyu pesa ilikuwa kwenye ile saa moja ya alfajiri. Ungempigia simu na kumuuliza kama anaunga mkono kafyu ilegezwe, angesema ndiyo, na ndiyo yake ingewekwa kapu moja na ya kijana wa Westlands aliyetamani kurudi klabu. Halafu mtafiti angeandika kwamba wengi wanataka kufunguliwa, na waziri angesoma kwamba wengi hawauogopi ugonjwa. Mama yule angeweza kuwa anauogopa kuliko waziri.

Au simama kando ya barabara ya Lunga Lunga jioni, enzi ya kafyu ya saa moja. Kila mwenye kazi Industrial Area alikuwa anakimbiza saa. Viwanda viliwaachilia watu karibu kwa pamoja, na wanaorudi mitaa ya mabanda ya Mukuru kwa miguu walijaa kando ya barabara bega kwa bega. Kwenye stage, matatu ya abiria 14 iliruhusiwa kubeba 8, na ya 25 ikabeba 15. Nauli ikapanda, foleni ikarefuka, na wale 6 waliokosa kiti wakabanana wakisubiri gari linalofuata. Sharti lililokusudiwa kutenganisha watu liliwakusanya wote katika muda wa saa mbili. Wakazi waliliona hilo mapema. Waliposema kafyu haina maana, wengi tuliandika kwamba ni ukaidi au uelewa mdogo, ilhali walichokuwa wakitueleza ni namna ugonjwa unavyoweza kusambaa, kwa lugha isiyo ya kitabuni.

Kwamba watu wa mitaa ya mabanda walipuuza masharti ni madai yasiyo na mguu wa kusimamia. Mei 2020 watafiti waliwahoji wakazi 213 wa mitaa hiyo hapa Nairobi kuhusu watu waliokutana nao siku iliyotangulia. Ikilinganishwa na hali ya kabla ya mlipuko, mikutano hiyo ya ana kwa ana ilikuwa imepungua kwa zaidi ya 60%. Ili uone uzito wa tarakimu hiyo, kumbuka kwamba kirusi cha mwanzo cha corona, kikiachiwa njia, kilitoka kwa mgonjwa mmoja hadi kwa wawili au watatu. Ukikata mikutano kwa 60%, wastani wa wawili na nusu unashuka hadi mmoja, na mlipuko unaacha kukua. Maana yake, watu wanaoishi chumba kimoja, wanaochangia choo na bomba la maji, walikuwa wamefanya karibu kila walichoombwa.

Walilipa nini? Katika uchunguzi huohuo, 86% walisema wamepoteza kipato, chote au sehemu, na 74% walikuwa wanakula kidogo au wanaruka mlo kwa kukosa pesa. Watu 213 ni sampuli ndogo, sikatai, lakini tarakimu hizo zinakaa pamoja na yote yaliyoonekana wazi jijini. Ijumaa Kuu ya 2020 watu walikanyagana Kibera wakigombea chakula cha msaada. Baadaye serikali ilileta Kazi Mtaani, mpango wa vibarua kwa vijana, na katika awamu yake ya pili kijana aliyezibua mitaro na kufagia njia alilipwa shilingi 455 kwa siku. Ilisaidia. Lakini kodi ya nyumba haikupunguzwa na yeyote isipokuwa landlodi mwenye huruma, na hao unaweza kuwahesabu.

Kwa hiyo mtu anaweza kutii sharti kwa uaminifu na bado akatamani liondolewe upesi. Hakuna unafiki hapo. Anayelipa gharama kubwa zaidi ndiye anayetamani kulegezwa mapema zaidi, na kiu yake haitupimii imani yake katika sayansi. Mfanyakazi wa ofisini wa Kileleshwa aliyeendelea kupata mshahara huku akifanyia kazi mezani kwake angeweza kuunga mkono karantini ya miezi sita bila kuruka hata chai ya saa nne.

Jambo la pili lililounda maoni ni kile watu walichokiona, au tuseme walichokosa kukiona. Waziri wa Afya wa wakati huo, Mutahi Kagwe, alituonya mapema kwamba tukiishi kawaida ugonjwa utatutendea yasiyo ya kawaida. Watu wakasubiri hayo yasiyo ya kawaida. Hawakuyaona mtaani kwa ukubwa waliotabiriwa. Kuanzia mwisho wa Aprili hadi katikati ya Juni 2020, uchunguzi wa damu ya wachangiaji nchini ulikadiria kwamba 4.3% ya watu walikuwa na kingamwili za corona, yaani alama damuni kwamba mwili umeshakutana na kirusi, wakati waliothibitishwa kwa vipimo walikuwa elfu chache tu. Kufikia Novemba, uchunguzi wa nyumba kwa nyumba hapa Nairobi ulionyesha takriban mtu mmoja kati ya watatu ameshaambukizwa. Kirusi kilikuwa kimepita katika ua na ngazi za jiji zima, na wengi hata hawakukohoa, kwa sababu sisi ni nchi ya vijana: sensa ya 2019 ilikuta takriban 75% yetu wana umri chini ya miaka 35. Aliyesema haoni wagonjwa alikuwa anasema kweli. Alichokosea ni hatua iliyofuata, kudhani kwamba nyanya yake kule mashambani yuko salama vilevile. Na sisi wataalamu tulikuwa tukisoma orodha ya maambukizi kila alasiri bila kumweleza kwa nini anachokiona mtaani hakifanani na anachokisikia redioni.

Hapo pana mtego mwingine. Matokeo ya kulegeza hayaonekani siku ya kulegeza. Dalili za corona ya mwanzo ziliweza kuchukua hadi siku 14 kujitokeza, na anayezidiwa huchukua siku nyingine kabla ya kufika wodini. Kwa hiyo wiki mbili au tatu za kwanza baada ya kufungua huwa tulivu, na utulivu huo husomwa kama ushahidi kwamba masharti yalikuwa bure. Baa zilifunguliwa mwisho wa Septemba 2020, mikutano ya siasa ikarindima kila wikendi, na hadi Novemba tulikuwa ndani ya wimbi la pili. Tarehe 4 Novemba Rais wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, akasimamisha mikutano ya siasa kwa siku 60. Nani asingeuliza mbona mazishi ya baba yangu yalipangiwa watu 15, na uwanja wa siasa haukupangiwa mtu?

Swali hilo la haki ndilo ninaloliona zito kuliko yote. Sharti gumu linabebeka likimbana kila mtu. Siku ya nne ya kafyu, 30 Machi 2020, mtoto wa miaka 13 aliuawa kwa risasi ya polisi akiwa kwenye roshani ya nyumba yao mtaani Kiamaiko. Mapema Juni mamlaka huru ya kusimamia polisi, IPOA, ilikuwa imehusisha utekelezaji wa kafyu na vifo 15. Agosti zikaibuka tuhuma kuhusu zabuni za vifaa vya corona kupitia KEMSA, shirika la serikali la kununua na kusambaza dawa, na Rais akaagiza uchunguzi. Jumamosi moja ya Aprili 2021 polisi waliziba Thika Road saa mbili usiku, magari yakakwama kwa saa nyingi, ambulensi zikiwemo. Kila tukio kama hilo lilibadilisha swali vichwani mwa watu. Hawakuuliza tena kama kafyu inazuia ugonjwa. Waliuliza kafyu ni ya nani. Ukimhoji mtu akiwa na swali hilo kichwani, atakuambia ifutwe hata kama mama yake yuko kwenye oksijeni.

Kulegeza kwenyewe pia kulizua machungu, jambo ambalo hatukulitarajia sana. Nyumba za ibada zilipofunguliwa Julai 2020, ibada iliwekewa kikomo cha watu 100 na saa moja, na walioruhusiwa walikuwa wa miaka 13 hadi 58. Kwa hoja ya kitabibu, kuwakinga wazee kulikuwa na mantiki. Lakini mzee wa kanisa wa miaka 60, aliyefungua mlango wa kanisa hilo kila Jumapili tangu lijengwe, aliambiwa abaki nyumbani huku kijana akiketi kwenye kiti chake. Sharti hilo lilimhusu yeye, ila hakuna aliyeketi naye kumweleza, wala kumuuliza kama angekubali ibada ya wazee pekee, uani, asubuhi na mapema.

Tungefanya nini tofauti? Kwanza tuache kuuliza swali la jumla. Anayehojiwa aulizwe sharti kwa sharti, na kwa kila moja aulizwe linamgharimu nini kwa wiki na angehitaji nini ili alivumilie wiki nyingine mbili. Majibu ya aina hiyo yangeonyesha mapema kwamba kusogeza mwisho wa kafyu alfajiri ni nafuu kubwa yenye hatari ndogo, tofauti na kufungua baa. Pia tukumbuke kwamba uchunguzi wa simu huwaacha nje wasio na simu, waliokosa umeme wa kuichaji, na wale wanaotumia laini ya jirani, ambao aghalabu ndio waliobanwa zaidi. Halafu tarehe ya kufungua itangazwe pamoja na kigezo cha kufunga tena: vitanda vya wagonjwa mahututi vikijaa kiasi fulani, sharti fulani litarudi, na litarudi baada ya siku kadhaa zinazojulikana. Mwaka 2020 na tena 2021 jiji lilifungwa siku ileile tangazo lilipotolewa, na walioweza wakakimbilia magari ya kwenda mashambani, yumkini pamoja na kirusi.

Leo tuna chombo ambacho mwaka 2020 hakikuwa na sura hii. Tangu Septemba 2023 wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 wamepewa mikoba ya vifaa na simu, na kila mmoja ana nyumba zake, takriban 100, anazozitembelea. Wanajua nani anaishi na mzee, nani ana kisukari, nani analipwa kwa siku. Ndani ya simu hizo mna fomu za chanjo, uzazi na shinikizo la damu. Ninachopendekeza kwa kaunti ni kuongeza ukurasa mmoja unaojazwa sasa, kabla ya mlipuko: nyumba hii ikifungiwa wiki mbili, pesa itaisha siku ya ngapi, maji yatatoka wapi, na nani ndani yake hawezi kukosa kliniki. Ukurasa huo ujazwe upya kila mwaka, na majumlisho yake yabandikwe kwenye ofisi ya chifu, mahali ambapo waliojibu wanaweza kuyasoma na kuyabishia.