"Lambo limemchukua": tuliyoambiwa na tuliyoyakuta

Mwanangu alizama kwenye lambo la mifugo wilayani Chamwino, mwezi wa Januari, mvua zikiwa zimeshalijaza. Alikuwa na miaka minne. Sasa ana saba. Hakai bila kuegemezwa, na hasemi. Tangu siku ile nimepewa maelezo mengi na ndugu, majirani na hata wapita njia, karibu yote kwa nia njema. Mengine yametugharimu.

"Angekuwa anazama tungemsikia." Wanawake walikuwa wakifua hatua ishirini tu kutoka pale. Hakuna aliyesikia kitu, kwa sababu mtoto anayezama hapigi kelele: mdomo uko majini, pumzi ya kuitia hana. Mdogo kabisa huweza kuzama hata kwenye ndoo ya kudekia. Wale wanawake nimeacha kuwalaumu. Kujilaumu mwenyewe bado sijamaliza.

"Mning'inize, maji yatoke." Kijana mchungaji aliyemtoa alimshika miguu akamtikisa kichwa chini, kisha wakamkandamiza tumbo. Kilichotoka ni uji wa asubuhi. Mwalimu aliyekuwa akipita na pikipiki ndiye aliyewasukuma pembeni akaanza kumpulizia.

Wodini ndipo nilipoelewa kwamba balaa ya aliyezama ni hewa aliyoikosa kuliko maji aliyoyanywa. Maji ya mapafuni mara nyingi ni kidogo. Yanayotoka ukiminya tumbo ni ya tumboni, nayo yanaweza kuishia kwenye njia ya hewa. Mtoto asiyepumua hulazwa chali, kidevu kikainuliwa, pua ikabanwa, akapuliziwa mdomoni hadi kifua kiinuke. Asipozinduka, hubonyezwa katikati ya kifua mara 30, akapuliziwa mara 2, bila kupumzika, huku mwingine akikimbilia usafiri. Ubongo usiopata oksijeni huanza kuharibika ndani ya dakika nne hadi sita hivi, na sisi dakika zetu tulizitumia kumtikisa. Yule kijana mpaka leo akiniamkia anatazama chini.

Na hata aliyekohoa akalia apelekwe hospitali. Mapafu huweza kubadilika saa chache baadaye.

"Lambo lile lina mwenyewe." Alipoanza kukakamaa, mikono imekunjwa na macho yamepanda juu, tukaambiwa mwenye lambo anadai chake. Mbuzi sita wakaenda kwa mganga. Kukakamaa kule kulitoka kwenye sehemu za ubongo zinazoongoza misuli, ambazo zilijeruhiwa kwa kukosa hewa; degedege nalo ni umeme wa ubongo unapovurugika. Mganga alitaka tuache vidonge vya hospitali ili visishindane na dawa yake. Tukaacha. Siku ya tatu degedege lilimshika likakataa kumwachia, tukarudi mjini usiku kwa gari la kukodi. Vidonge vya degedege haviachwi ghafla. Mbuzi nimewasamehe, wiki ile sijaisamehe.

"Amepofuka." Nikipitisha mkono mbele ya uso wake, hapepesi. Jirani mmoja akaniambia nianze kuulizia Buigiri, kwenye shule ya wasioona, maana si mbali. Daktari wa macho alipomulika, akakuta macho mazima. Kilichoshindwa ni ubongo kusoma kile yanachouletea.

Uoni wa namna hii huweza kuimarika polepole. Mtoto aonyeshwe kitu kimoja tu, cha rangi kali, kikitembezwa kidogo, nyuma yake pawe peusi, na chumba kiwe kimya. Kumbe kitenge changu cha maua, kile ninachokipenda kuliko vyote, kwake kilikuwa fujo tupu! Nikaanza kujifunga kaniki na kushika kikombe chekundu. Ilichukua miezi minne. Siku macho yake yalipokifuata kikombe nilikiangusha.

"Mpe uji mwepesi, ndio unaoshuka." Kwa mtoto mwenye shida ya kumeza, majimaji hukimbia koo likiwa bado halijajipanga, yakaingia mapafuni. Tulilazwa kwa nimonia mara mbili kabla mtu hajatuambia. Sasa anakula kizito kidogo, kwa kijiko kidogo, ameketishwa wima, kidevu kimeinama kidogo. Kulishwa akiwa amelala, hapana. Kwetu Ugogoni hilo halikuwa gumu, mlenda mzito na ugali laini tunavyo kila siku.

"Mazoezi ya nini, kwani atatembea?" Labda hatatembea. Ninamnyoosha viungo asubuhi na jioni ili visijikunje vikabaki hivyo, ili niweze kumwosha kwapa na kumvalisha shati bila kumliza.

"Usizae tena, watakuwa hivyo hivyo." Jeraha la kukosa hewa halirithiwi. Mdogo wake ana mwaka mmoja, anapanda stuli.

"Wa hivi hasomi." Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa haki ya elimu. Tunachogombana nacho ni korongo lililo kati ya nyumba na shule, ambako kiti mwendo kinazama kwenye mchanga mpaka katikati ya gurudumu.

"Hayumo." Hili lilisemwa na mama mkwe wangu, tena bila ubaya. "Lambo limemchukua, limetuachia mwili." Mwaka mzima alimtaja mjukuu wake kwa "alikuwa": alikuwa mcheshi, alikuwa anapenda karanga. Lakini kushindwa kusema si kushindwa kuelewa. Mtoto asiyeweza kutumia mikono wala mdomo hupimwa vibaya kirahisi, kwa kuwa karibu kila swali tunalomuuliza linataka ajibu kwa mkono au kwa mdomo. Wetu alijitambulisha mwenyewe: kengele ya baiskeli ya baba yake ikilia kule njiani, anacheka kabla sisi hatujamwona mtu. Mtaalamu akatufundisha kumuuliza na kumsubiri. Macho yakipanda juu ni ndiyo, akiyafumba ni hapana.

Siku hizi mama mkwe huingia alfajiri na fimbo yake, husimama mlangoni na kumsalimu kwa Kigogo, "Mbukwa!" Kisha husubiri. Jibu huchukua muda, pengine mpaka chai yangu inapoa, na yeye hasogei. Macho yakishapanda, huvuta kigoda, akaanza kumgombeza kwa nini jana alibakiza mlenda.