Trela ya Vichekesho vya Michezo: Dhana Tunazoingia Nazo Uwanjani

Muhula ukianza, wanafunzi wa klabu ya filamu ninayoisimamia hapa Busia, upande wa Uganda, hukaa chini kuamua watengeneze nini. Miaka mitatu mfululizo jibu limekuwa lile lile: vichekesho vya michezo. Siwalaumu. Kiwanja kipo, jezi zipo, na kila mmoja wao ameshawahi kuchezea timu isiyofunga chini ya kocha asiyenyamaza. Filamu nzima ni kazi ya mwaka, kwa hiyo tunaanza na trela, yaani tangazo fupi la filamu, ya dakika moja na nusu. Hapo ndipo dhana huanza kumiminika, na nyingi zinahusu kaida za utanzu, yaani yale mambo ambayo mtazamaji huyategemea akishajua anatazama filamu ya aina gani.

Dhana: Kaida ni uvivu, msanii wa kweli huzikwepa

Kijana mmoja wa kidato cha tano aliniambia kwa uchungu: "Mwalimu, timu dhaifu, kocha aliyekata tamaa, mazoezi, fainali. Hayo yote watu wameshayaona!"

Ni kweli wameyaona. Lakini fanani akisema "Paukwa!" na hadhira ikaitikia "Pakawa!", hakuna anayenung'unika kwamba maneno hayo yalisemwa jana. Ndiyo yanayomweka msikilizaji tayari. Trela nayo ina sekunde chache za kumweka mtu tayari. Kabla hazijapita sekunde kumi anataka kujua kama amekuja kucheka, kulia au kuogopa. Akiona wachezaji saba wamepanga mstari, jezi nne za rangi moja na tatu za rangi nyingine, huku kocha akihesabu mara mbili kutafuta wengine wako wapi, ameshajua. Hakuna haja ya kumwandikia kwenye skrini kwamba hii ni filamu ya kuchekesha.

Jambo ambalo wanafunzi huchelewa kuliona ni kwamba kaida haigeuzwi kabla haijasimama. Yule kijana tulimpa kazi ya kupiga picha za mazoezi, ile sehemu anayoichukia kuliko zote. Akaanza kama inavyotarajiwa: alfajiri, ukungu, muziki wa kishujaa, wachezaji wanapandisha kilima na madumu ya maji, jasho linawatiririka. Kamera inarudi nyuma taratibu. Juu ya kilima tunamwona mpishi wa shule kando ya sufuria kubwa ya posho, yaani ugali, akiyahesabu madumu na kumwambia kocha bado mawili. Hawakuwa mazoezini, walitumwa maji. Siku ya kuonyesha trela, hapo ndipo bwalo lilipocheka zaidi, na lilicheka kwa sababu kila aliyekaa mle alikuwa anasubiri mazoezi ya kishujaa. Asiyejua kaida asingekuwa na cha kucheka.

Dhana: Kaida hizi ni za Hollywood, kwetu hazifai

Nenda Wakaliga, Kampala. Isaac Nabwana, anayejulikana kama Nabwana I.G.G., alitengeneza huko Who Killed Captain Alex?, filamu ya mapigano ya mwaka 2010, kwa fedha kidogo mno na vifaa vya kuungaunga. Trela yake ilisambaa YouTube miaka kadhaa kabla filamu nzima haijawekwa huko mwaka 2015. Ukiitazama, kaida za filamu za mapigano zimo zote: helikopta, milipuko, makomando, maandishi makubwa. Lakini kila kitu ni cha Wakaliga, kuanzia vichochoro hadi sauti ya VJ (msimulizi wa filamu) Emmie anayepiga kelele juu ya picha kwa furaha isiyo kifani.

VJ ndiye ninayetaka wanafunzi wamfikirie sana. Amerika ilikuwa na sauti nzito ya msimulizi wa trela. Don LaFontaine, aliyefariki mwaka 2008, alitia sauti maelfu ya trela, na siku hizi trela nyingi za huko hazina msimulizi kabisa. Sisi tunaye VJ wa kibanda cha video, anayetafsiri filamu huku akiongeza ya kwake, akimwonya shujaa na kumcheka adui. Vichekesho vya michezo navyo tangu zamani vina kaida ya mtangazaji wa mechi anayesema mambo ambayo mtangazaji wa kweli asingethubutu. Unganisha hao wawili. Mtangazaji wa mechi yako awe VJ, na tayari una trela ambayo haiwezi kudhaniwa imetoka kwingine.

Dhana: Mwigizaji wa vichekesho lazima achekeshe

Hii imeharibu trela nyingi kuliko kamera mbovu. Mwanafunzi akiambiwa ni vichekesho, hutoa macho, hukunja uso, huanguka kabla hajaguswa. Bwalo linacheka kidogo, kwa huruma, kisha linanyamaza.

Kinachochekesha ni mtu anayeuchukulia mchezo kwa dhati kupita kiasi. Tulikuwa na onyesho la penalti. Mara ya kwanza kipa alicheza akijua anachekesha: akatetemesha magoti, akajikwaa, mpira ukapita. Halikuchekesha mtu. Nikamwomba afikirie kwamba hii ndiyo fainali ya Kombe la Dunia na mama yake yuko jukwaani. Akabadilika kabisa. Akaanza kuvaa glavu, kidole kimoja kimoja, kwa utulivu wa daktari anayeingia chumba cha upasuaji. Akafunga kamba ya mkono wa kushoto. Akaanza wa kulia. Refa akapuliza filimbi, mpira ukampita sikioni, naye bado anavuta kidole cha mwisho. Hakuinua uso mpaka alipomaliza.

Tulipohariri tukagundua jambo jingine: hatukuhitaji kuonyesha mpira ukitikisa wavu. Nje ya lango la shule kuna kijana anayeuza rolex, chapati iliyoviringishwa na mayai, na alikubali kuigiza nafasi yake mwenyewe. Tulimpiga picha ya karibu akitazama penalti huku akipasua yai. Macho yako uwanjani, mkono uko juu ya kikaango. Goli linaingia, tunalisikia tu, na yai linamwagikia pembeni, kwenye kiatu chake. Kuanguka kupigwe kwa picha ya mbali, mwili wote uonekane, na itikio la mtu lipigwe kwa karibu. Kanuni hiyo ni ya zamani na bado inafanya kazi.

Dhana: Trela ni muhtasari wa filamu

Hapana. Muhtasari unaeleza kilichotokea, trela inaahidi kitakachokuja. Huhitaji kufuata mtiririko wa filamu, wala kueleza kila mchezaji ni nani. Zingatia pia urefu. Mwaka 2014 chama cha wamiliki wa majumba ya sinema Marekani kilitoa mwongozo kwamba trela zisizidi dakika 2, na hao ni watu wenye filamu za mabilioni. Mwanafunzi mwenye dakika 4 za trela ana filamu fupi iliyokatwakatwa.

Kuna wanaofikiri vichekesho vyote vizuri vifichwe mpaka filamu itoke. Basi mtazamaji atajuaje kwamba unaweza kumchekesha? Toa kimoja kikiwa kamili, mwanzo hadi mwisho, na vingine vikate pale tu mtu anapogundua mambo yameharibika.

Dhana: Kamera inaweza kusimama popote, mradi mpira uonekane

Tulilipia hili. Kipindi cha kwanza tulipiga picha tukiwa upande wa mwembe. Mchana jua likatuchoma macho, tukahamia upande wa pili. Siku ya kuhariri, mshambuliaji wetu alikuwa anakimbilia kulia, picha inakatwa, anakimbilia kushoto, kama anaenda kujifunga. Watoto wa kidato cha kwanza tuliowaonyesha waliuliza kwa nini anashambulia lango lake. Kichekesho kilichokuwa kinafuata kilipotea, kwa sababu mtu anayetafuta mwelekeo hana nafasi ya kucheka.

Chora mstari wa kufikirika kutoka lango hadi lango, kisha kaa upande mmoja wake siku nzima. Ukilazimika kuhama, piga kwanza picha moja ukiwa juu ya mstari wenyewe, kwa mfano nyuma ya lango, ili jicho la mtazamaji lihame pamoja nawe.

Dhana: Mwendo wa polepole ni kazi ya programu ya kuhariri

Programu itaupunguza mwendo, ndiyo, lakini picha zitarukaruka. Trela ikiwa ni ya fremu (picha moja moja zinazounda filamu) 25 kwa sekunde, piga tukio hilo kwa fremu 50, nawe utapata nusu ya mwendo kwa ulaini. Kwa fremu 100, robo. Amueni kabla ya kufika uwanjani. Katika utanzu huu mwendo wa polepole unapendeza ukitumika kwa jambo dogo kabisa, kama mchezaji wa akiba anayefungua pakiti ya biskuti, huku muziki wa ushindi ukipaa.

Na mkiingia chumba cha kubadilishia nguo chenye taa, kumbukeni umeme wetu ni wa hezi 50, yaani mizunguko 50 kwa sekunde. Kasi ya shata, yaani muda ambao kamera hupokea mwanga kwa kila picha, iwe 1/50 au 1/100 ya sekunde, la sivyo mnaweza kupata mistari myeusi inayotembea kwenye picha.

Dhana: Ukimtaja mwanamuziki, wimbo wake ni halali kuutumia

Kumtaja si kupata ruhusa. Uganda ina Sheria ya Hakimiliki na Haki Shirikishi ya mwaka 2006, na YouTube ina mfumo unaotambua nyimbo wenyewe. Tafuteni ngoma za shule. Wapigaji wapo, na wanasubiri kuombwa.

Dhana: Timu lazima ishinde

Cool Runnings ya mwaka 1993, iliyotokana na timu ya Jamaica ya mbio za sleji ya barafuni kwenye Olimpiki ya Calgary ya 1988, haiishii na medali. Timu ya kweli ilipinduka na kumaliza njia kwa miguu, na filamu nayo ikawaacha wapinduke. Watu walitoka wakiwa na furaha hata hivyo. Katika trela, hata hivyo, usiseme wameshinda wala wameshindwa. Kata mpira ukiwa hewani.

Dhana: Mnyonge yupo ili achekwe

Hii naiandika nikiwa bado naumia. Katika trela yetu ya kwanza tulikuwa na mvulana mnene. Hakuna aliyejadili nafasi yake. Ilionekana wazi kwamba yeye ndiye wa kuanguka, kwa sababu katika filamu nyingi walizoziona mnene ndiye anayeanguka. Akaanguka kwenye tope mara tatu, bwalo likacheka sana, na wiki iliyofuata hakuja klabuni. Mimi ndiye niliyekuwa mkubwa pale, na ilinipasa kuliona.

Kaida ya mnyonge katika filamu za michezo ni kinyume cha tulichofanya. Timu dhaifu ndiyo tunayoipenda. Tunacheka nayo, tunaogopa nayo, tunaruka nayo mpira ukiingia. Ukimfanya mmoja wao kifaa cha dhihaka, kwa mwili wake au kwa lafudhi yake, umemtoa mtazamaji upande wa timu yako na kumkalisha na wapinzani. Hapa Busia kuna Wasamia, Wateso, Wasoga, na wengine wanaovuka mpaka kila siku, na kila mmoja ana Kiswahili chake. Lafudhi iwepo kama ilivyo maishani. Isiwe ndiyo kichekesho chenyewe.

Nilimfuata nyumbani, nikamwomba radhi mbele ya mama yake, kisha nikamuuliza yeye mwenyewe angependa kuwa nani. Akasema anaijua sheria ya kuotea kuliko mtu yeyote shuleni na hakuna aliyewahi kumuuliza. Tukaandika onyesho jipya. Timu iko mezani, imechoka, wanagombana kuhusu goli lililokataliwa. Yeye anatoa vizibo vya soda mfukoni, anavipanga kimoja kimoja. "Huyu kipa. Huyu beki wa mwisho. Huyu ni wewe. Mpira haujapigwa bado, angalia ulipo." Wachezaji wanasogea. Kocha anasogea. Mwisho refa wa mechi, aliyekuwa anakunywa chai meza ya jirani, naye anasogea, anatazama vizibo, na uso wake unabadilika taratibu.

Dhana: Jina la filamu likishatokea, trela imekwisha

Trela nyingi za vichekesho huweka kitu kimoja baada ya jina, sekunde nne au tano, wakati mtazamaji anadhani ameshaachiliwa. Wanafunzi wengi huisahau nafasi hiyo au huijaza kwa majina ya waigizaji. Sisi tuliigombania mchana mzima. Kipa alitaka glavu zake zirudi. Kijana wa kidato cha tano alitaka madumu.

Tulichoweka ni hiki. Jina linatoka, muziki unakatika, skrini inakuwa nyeusi. Tunasikia mafuta yakichemka. Muuza rolex anapangusa yai kwenye kiatu, kisha anamwuliza mteja aliyesimama mbele yake: "Kijana, hebu nieleze vizuri. Kuotea ni nini hasa?" Mvulana yule yule anaiweka chapati yake chini, na mkono wake unaingia mfukoni.