Je, doneri ya Ujerumani ni nyama ya kondoo?

Wengi huamini kuwa doneri (nyama inayochomwa ikizunguka kwenye mkuki wa wima) ya migahawa ya Kituruki nchini Ujerumani ni ya kondoo. Mara nyingi ni ya ng'ombe, ndama au kuku. Miongozo ya vyakula ya huko huruhusu jina "Döner Kebab" kwa kondoo au ng'ombe, na nyama ya kusaga isizidi asilimia 60. Ikizidi, menyu hupaswa kuandika "Drehspieß" (mshikaki wa kuzunguka) badala yake.

Kwenye menyu, Kalb ni ndama, Rind ng'ombe, Lamm mwanakondoo, Hähnchen kuku. Tazama pia vipande: mnofu huonyesha nyuzi na kingo zisizo sawa; ya kusaga hukatika laini kama soseji. Kuhusu kama nyama ni halali kwa Waislamu, jina la Kituruki pekee la mgahawa halitoshi. Omba kuona cheti cha halali cha mchinjaji.