Propranololi ni dawa ya moyo. Serotonini, kemikali inayopeleka ujumbe kati ya neva, inaihusu nini, hasa kwenye vifundo vya neva viitwavyo ganglia?

Ganglia ni nini, na serotonini inafanya nini humo?

Ni vifundo vya neva vilivyo nje ya ubongo na uti wa mgongo: shingoni, kandokando ya uti wa mgongo, hata ndani ya kuta za utumbo. Ujumbe unaokwenda kwenye moyo, mishipa na matumbo hupokezanwa humo. Serotonini wengi huiita kemikali ya furaha, jina linalopotosha, maana zaidi ya asilimia 90 yake iko kwenye utumbo. Kwenye vifundo hivi ina tabia mbili. Ikishika kipokezi (sehemu ya seli inayopokea ujumbe) kiitwacho 5-HT3, neva husisimka papo hapo. Ikishika 5-HT1A, neva hutulia.

Dawa za kuzuia beta (vipokezi vya adrenalini), kama propranololi, zinagusa kipi kati ya hivyo viwili?

Kazi iliyomfanya James Black wa Uskoti abuni propranololi miaka ya 1960 ni kuukinga moyo dhidi ya adrenalini. Kazi hiyo ilichangia kumpa Tuzo ya Nobeli mwaka 1988. Ila molekuli haisomi maandishi ya kwenye boksi. Mwaka 1977 ilishaonekana kwamba propranololi hujipachika pia kwenye vipokezi vya serotonini. Pindololi, dawa nyingine ya kuzuia beta, nayo hivyo hivyo. Zote mbili hupenda kundi la 5-HT1, ambamo 5-HT1A imo, kwa hiyo kinachozibwa ni ule upande wa kutuliza. Upande wa kusisimua, 5-HT3, huzibwa na ondansetroni, ile dawa ya kuzuia kutapika. Atenololi, nayo ya kuzuia beta, haimo katika habari hii. Haigusi vipokezi vya serotonini kwa kiasi cha maana.

Nameza propranololi ya presha. Neva zangu zitavurugika?

Hapana. Inashika kipokezi cha beta kwa nguvu zaidi sana kuliko cha serotonini, na mengi tunayojua kuhusu vifundo yametoka kwa wanyama maabarani. Wapo wanaosema propranololi huzuia kipandauso kwa njia ya serotonini. Sishawishiki: metoprololi (nyingine ya kuzuia beta) na atenololi nazo hukizuia.

Natumia pia dawa ya sonona. Kuna shida?

Inaweza kuwepo, ila chanzo chake ni ini, si ganglia. Fluoksetini na paroksetini, dawa za sonona, hukwamisha kimeng'enya cha ini kinachovunja metoprololi, na kwa kiasi fulani propranololi. Dawa ya moyo hujaa kwenye damu, mapigo yakapungua mno, ukapata kizunguzungu. Mwonyeshe daktari au mfamasia dawa zako zote. Usiikatishe ya moyo ghafla kwa woga. Mapigo na presha vinaweza kupanda kwa kishindo.