Maji Yatokayo Meupe Yakalala Mekundu

Bibi mmoja wa Mambrui alinipigia simu nikamwangalilie kisima. Nilipobisha hodi na kumwamkia, hakunipeleka kisimani. Alinipeleka kwenye kamba ya nguo. Kanzu tatu za mumewe, za kuendea Ijumaa, zilikuwa na mabaka ya rangi ya chai, na shingoni zimeingia weusi. "Mwanangu," akaniambia, "kila nikizitia dawa ya kung'arishia ndivyo zinavyozidi. Maji nayachota meupe, nayaona kwa macho yangu. Sasa uchafu watoka wapi?"

Ulikuwa umo ndani ya maji yale yale meupe. Chuma na manganisi, metali inayofanana na chuma, vikiwa vimeyeyuka havionekani, kama chumvi isivyoonekana ndani ya mchuzi. Hujitokeza vikikutana na oksijeni, au na dawa kali inayofanya kazi kama ya oksijeni, na klorini ya kung'arishia nguo ndiyo dawa yenyewe. Bibi akiimimina kwenye beseni, chuma hugeuka kutu, manganisi hugeuka weusi, na vyote hutua kwenye uzi wa kanzu. Nilimwomba aache klorini kabisa, apake ndimu na chumvi kwenye mabaka ya kutu, aanike juani kisha asuuze sana. Na nikamsisitizia kwamba ndimu na klorini visikutane katika beseni moja, maana hutoa gesi inayochoma mapafu.

Nafanya kazi ya maji ya visima hapa Malindi, na kinachoniuma ni kuitwa baada ya pesa kuliwa. Nyumba moja ya wageni ilikuwa imeuziwa mashine ya kulainisha maji, ile ya chembe za plastiki na chumvi, kwa ahadi kwamba itaondoa kila kitu. Maji yao yalikuwa na chuma kingi na salfa. Chuma kiligandia kwenye chembe zile, zikavikwa kutu, na mashine ikafa. Muuzaji hakuwa amepima chochote. Chuma, salfa na manganisi mara nyingi huja pamoja kisimani, lakini haviondoki kwa njia moja, na anayetaka kuviondoa lazima kwanza ajue anacho kipi.

Kujua si lazima kuanze na maabara. Chota kisimani penyewe, usichote kwenye tangi, na unuse hapo hapo. Harufu ya mayai viza ni gesi ya salfa, iitwayo haidrojeni salfaidi, na pua huitambua hata ikiwa miligramu 0.1 tu kwa lita. Maji yakikaa wazi gesi hiyo hutoroka, ndiyo maana chupa iliyojazwa nusu ikasafirishwa na kutikiswa njia nzima hurudisha jibu kwamba hakuna salfa. Chupa ijae mpaka mdomoni, pasibaki hewa. Bilauri nyingine iache wazi: ikianza kuingia rangi ya machungwa kufikia alasiri, na asubuhi ukakuta vumbi jekundu limetua chini, hicho ni chuma. Au pika chai ya rangi. Majani ya chai hushikana na chuma, na chai huwa nyeusi ya kuelekea wino. Manganisi ina haya zaidi. Bilauri itabaki nyeupe siku nzima, lakini ukipitisha kidole ndani ya tangi au kwenye mdomo wa bomba kinatoka na utando mweusi. Na kama harufu iko kwenye maji ya moto tu, kisima hakina kosa. Ndani ya hita mna fimbo ya magnesiamu inayokingia kutu, na hiyo huweza kuchochea harufu. Badilisha uweke ya aluminiamu na zinki.

Baada ya hapo ndipo pima kwa namba. Chuma kikipita miligramu 0.3 kwa lita huchafua nguo na vyombo, manganisi hufanya hivyo ikipita 0.1. Kwa afya, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2022 umeweka manganisi isizidi miligramu 0.08 kwa lita, na aliyefikiriwa hasa ni mtoto mchanga anayepewa maziwa ya unga. Kuyachemsha maji hakusaidii, kwa kuwa yanayopungua ni maji, manganisi inabaki sufuriani. Nyumba yenye mtoto wa namna hiyo naishauri itumie maji ya mvua kwa maziwa yake, yakingwe vizuri na kuchemshwa, kama wenzetu wa visiwa vya Lamu walivyozoea kuyahifadhi katika jabia, yaani birika kubwa za kujengwa.

Kisima cha bibi kilikuwa na chuma miligramu 4, manganisi 0.6, na harufu ya kutosha kuifanya pete yake ya fedha iwe nyeusi. Sikushangaa. Pale ni karibu na mlango wa Sabaki, na mto huo umeleta tope la bara kwa miaka isiyohesabika, na ndani ya tope mna majani na mizizi inayooza pasipo hewa. Bakteria wa huko chini, wakikosa oksijeni, hutumia manganisi na chuma vilivyo kwenye mchanga, na vikiguswa namna hiyo huyeyuka. Vikiisha, hugeukia salfeti, aina ya chumvi yenye salfa, ambayo maji ya bahari yanayo tele, nao hutoa ile gesi. Aliyewahi kuzama mguu kwenye matope ya mikoko kule Mida hahitaji kuelezwa.

Kwa hiyo dawa ya kwanza ni kuyarudishia maji kile yalichokikosa, yaani hewa. Miligramu 1 ya oksijeni hushughulikia karibu miligramu 7 za chuma, na maji yaliyopigwa hewa vizuri katika joto letu hubeba zaidi ya miligramu 7 za oksijeni kwa lita. Kwa hesabu hiyo bibi hakuhitaji mashine ya kupuliza hewa. Tulipanga trei nne za plastiki zilizotobolewa, moja juu ya nyingine, kila moja na kokoto, maji yakawa yanaanguka kama mvua kutoka trei hadi trei. Gesi iliruka hapo hapo. Trei ziwekwe nje penye upepo, kamwe zisiwekwe chumbani. Chini yake tangi la kutulizia, na baada ya tangi pipa la mchanga.

Chuma kilikubali haraka, maana maji ya mwamba wetu wa matumbawe kwa kawaida hayana uchachu, pH yake, yaani kipimo cha uchachu ambacho 7 ndiyo katikati, inapita 7, na hapo hewa hukigeuza chuma kutu bila shida. Familia ile hutumia lita 600 kwa siku. Kwa miligramu 4 kila lita, hiyo ni gramu 2.4 za chuma kila siku, gramu 72 kwa mwezi, na kikishageuka kutu uzito wake ukikaushwa hukaribia mara mbili. Vyote hivyo vinabaki ndani ya tangi na pipa. Asiyeweka bomba la kutolea tope chini ya tangi ajue atalitafuta baadaye kwa ndoo.

Manganisi ndiyo iliyotutaka subira. Hewa peke yake haiigeuzi mpaka pH ipande kupita 9, na maji ya kunywa hatuyafikishi huko. Inachotaka ni mchanga uliokwisha kuvikwa manganisi yenyewe, kwa sababu ngozi ile nyeusi huivuta na kuigeuza ile inayopita. Mchanga mpya hauna ngozi hiyo. Tulitumia mchanga wa mto uliooshwa, si wa pwani wenye chumvi na simbi, na tukaruhusu maji yapite polepole, yasizidi lita 100 kwa saa. Wiki ya kwanza chuma kilikuwa kimekwisha lakini manganisi ilikuwa vile vile, 0.6. Ya tatu, 0.5. Bibi alianza kuniangalia kwa jicho la huruma. Wiki ya sita nilipofukua mchanga kwa kiganja, chini ya tabaka la kutu nilikuta punje zimekuwa nyeusi kama mbegu za papai, na kipimo kikasoma 0.1. Wiki ya tisa kilikuwa chini ya 0.05.

Hapo ndipo wengi huharibu. Kijana wa nyumbani anaona mchanga mweusi, anaumwaga au anausugua mpaka ung'are, na wiki tisa zinarudi mwanzo. Kwangua tabaka la juu lenye kutu tu, sentimita mbili tatu, au pitisha maji kutoka chini kwenda juu taratibu mpaka wekundu uishe. Weusi uache. Pipa lisikauke, na kwa kuwa kazi ile wanaisaidia bakteria, klorini isipite humo. Klorini nafasi yake ni mwisho, kwenye tangi la maji yaliyokwisha kuchujwa. Wala usiiruke kwa kuwa maji yamekuwa meupe, kwani mchanga haujamaliza vijidudu vya choo cha jirani. Ukiitia mwanzoni, inaliwa na chuma na salfa kabla haijagusa kijidudu hata kimoja.

Chumvi ya bahari haitoki kwa njia yoyote kati ya hizi. Kisima kikiwa na magadi au chumvi, punguza kasi ya pampu kwanza, kwa sababu maji matamu yanaelea juu ya ya bahari na pampu kubwa huyavuta yale ya chini.

Na tafadhalini, kisima chenye harufu hiyo mtu asishuke kukisafisha, hata kama ameshashuka mara kumi. Gesi ile ni nzito kuliko hewa, hulala chini, na ikizidi huiua pua kwanza, ukadhani imeondoka. Jenereta ya pampu nayo isiteremshwe ndani. Kisima cha bibi tulikisafisha tukiwa juu, kwa pampu na kamba, na vijana wawili waliokuwa wameshavua viatu tayari kuingia tuliwarudisha kwenye baraza wakanywe chai. Ilikuwa nyeusi bado, siku hiyo.